Mzee wa Iringa, mwache binti afundishe mazoezi

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana nimeisoma ile barua ya mzazi wa Iringa, nikairudia tena, nikaona nikikaa kimya nitapasuka. Mzee analalamika kwamba kamsomesha binti yake mpaka kamaliza chuo, na sasa binti hataki kuzunguka maofisini na bahasha ya kaki, anasema anataka kuwa mwalimu wa mazoezi ya kikundi, hizi aerobiki za muziki ambazo siku hizi kila mji zipo. Mzee akamalizia kwa kuuliza, kurukaruka nako ni kazi?

Kamwene mzee wangu. Mimi ndio kazi yangu hiyo hapa Mbeya, na ndio inayolipa ada ya watoto wangu, si yote ila sehemu kubwa, kwa hiyo nakujibu kwa heshima zote na sitakuficha kitu. Kuna mahali uko sahihi kabisa na nitafika huko, habari ya hela. Ila hilo la kurukaruka hapana, hapo umetuonea.

Watu wanaona mtu kasimama mbele, taiti imemkaa, spika inalia, anaruka anacheka, basi wanajua kazi yake ni kutazamwa. Kumbe yule pale mbele ndo anayetazama. Anatazama watu 20 au 30 kwa wakati mmoja, kila mmoja na mwili wake na umri wake na ugonjwa wake ambao hajausema, na huku miguu yake mwenyewe isipotee. Vijana wengi wanaokuja kuniuliza "ticha na mimi nataka" wanaanza kwa kunionyesha tumbo limegawanyika vipande sita. Nawaambia hilo tumbo zuri mdogo wangu, ila hebu niambie yule mama wa nyuma kabisa alikuwa anaanguka upande gani? Hajamwona. Basi bado.

Chukua muziki tu. Nyimbo nyingi za kuchezea zinaenda kwa hesabu ya nane nane, nane zikiwa nne unapata 32, na mara nyingi hapo kwenye 32 ndipo wimbo unapogeuka, ngoma inaingia au kiitikio kinaanza. Mwalimu anapanga hatua zake ziishie hapo, na kama mguu wa kulia umeongoza 32 basi na wa kushoto nao upewe 32 zake, maana ukimtumikisha mtu upande mmoja tu anarudi nyumbani nyonga moja inauma nyingine haina habari. Alafu huwezi kutangaza hatua wakati wa hatua. Ukisema "magoti juu" wakati goti lako limeshapanda, wa nyuma wanapandisha la kwao wewe unashusha, wanagongana, wanacheka mara ya kwanza, mara ya tatu hawaji tena. Inabidi uwaambie zikiwa zimebaki hesabu nne, "nne, tatu, magoti, juu!" na kwenye "juu" ukumbi mzima unapanda pamoja. Yaani mdomo uko kwenye hatua inayokuja, miguu iko kwenye hatua ya sasa hivi, na macho yako kwa yule mama wa mstari wa tatu aliyeshika kiuno. Na hapo umewageukia, kwa hiyo ukisema kulia inabidi wewe uende kushoto, ili wakuone kama wanajiona kwenye kioo. Nenda kajaribu sebuleni kwako mzee wangu na wimbo mmoja tu, alafu tuongee.

Kasi ya wimbo nayo ni hesabu. Amapiano nyingi zinacheza kwenye biti 110 na kitu kwa dakika, hizo ni tamu kwa kupasha mwili. Kwa stepu, ile ya kupanda na kushuka kibao, unakaa kwenye 120 na kitu, ukizidisha sana mtu anakosa kibao anatua na kifundo. Aerobiki ya sakafuni kwa watu waliozoea unaweza kufika 140 na kuendelea. Sasa vijana wanakuja na fleshi imejaa singeli. Singeli naipenda, nani haipendi, lakini ile inakimbia biti 200 na zaidi, ukimwambia mama wa miaka 50 afuate kila biti pale utamuua magoti. Inatumika, ila unakanyaga biti moja unaacha moja, au unaiweka dakika moja ya mwisho watu wapige kelele waachie stresi. Na vikundi vyangu vya wamama wa kwaya hawataki hata hizo, wanataka mapambio, na mapambio ya kanisani wala hayana shida, mengi yana mwendo mzuri wa kupasha mwili na wanayajua kwa moyo, kwa hiyo wanaimba huku wanatembea.

Na kuimba kwenyewe kunanisaidia. Kipimo rahisi cha mazoezi ya wastani ni kwamba mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Akiwa anaimba ubeti mzima bila kukata pumzi, bado anapasha tu, naongeza. Akiwa hawezi kumaliza hata sentensi, hapo ni mazoezi makali, na kama ni mgeni au ana presha namshusha chini. Huhitaji mashine wala saa ya bei mbaya, unahitaji sikio. Na huku kwetu hilo sikio ni la muhimu zaidi maana Mbeya mjini tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mtu akitoka Dar na mbwembwe zake za jimu za kule dakika ya kumi anatafuta ukuta wa kuegemea. Simcheki. Namwambia kaka tembea palepale, mwili ukizoea utarudi kwenye mwendo wako.

Baridi ndio usiseme. Mwezi wa sita na wa saba saa kumi na mbili asubuhi pale Soweto, mtaa wetu hapa Mbeya, watu wanakuja na masweta mawili na kitenge juu, mikono iko kwapani. Ukimwanzishia mtu huyo kuruka moja kwa moja unatafuta kesi. Msimu ule kupasha mwili kunaenda mpaka robo saa, tunatembea, tunazungusha mabega, tunakunja magoti kidogo kidogo, na sweta linatoka lenyewe, simwambii mtu vua. Wa Njombe na Makete wananielewa hapa.

Sasa kuhusu miili yenyewe. Kabla mtu mpya hajaingia kwenye mstari wangu kuna maswali saba tunauliza, yanatumika dunia nzima kwenye kazi hii, mambo ya moyo, maumivu ya kifua, kizunguzungu, mifupa na viungo, dawa unazotumia. Wengine wanaona ni kama polisi. Lakini ndio unapata kujua kwamba huyu ana kisukari na anachoma sindano, kwa hiyo awe na kitu kitamu kwenye mkoba maana sukari inaweza kushuka ghafla katikati ya zoezi, na yule ana presha, kwa hiyo wakati wa kukaza misuli asibane pumzi hata kidogo, maana kubana pumzi huku umejikaza kunapandisha presha palepale.

Nina mama mmoja anauza ndizi, mtu mzima, mcheshi, kila tukikaa kwenye lile zoezi la kulalia viwiko anafunga mdomo na mashavu yanajaa. Kumwambia "pumua mama" hakusaidii, anasema napumua mwanangu, na hapumui. Nikamwambia anitajie bei. Kwa hiyo sasa akiwa chini pale anaita bei za ndizi kama yuko sokoni Kabwe, mkungu mdogo shilingi ngapi, mkubwa ngapi, na ukumbi mzima unamjibu kwamba ghali punguza, na pumzi inatoka yenyewe. Hiyo hakuna video itakayokufundisha. Yeye hamalizi zoezi kama wengine, anaweka magoti chini, na mimi naonyesha yote mawili, la magoti chini kwanza ili asionekane ni la wanyonge, alafu la magoti juu kwa anayetaka. Mstari mmoja, ngazi mbili tatu, kila mtu anachukua yake na hakuna anayeaibika. Huo ndio ufundi wenyewe mzee, na ndio maana nakasirika nikisikia kurukaruka.

Kitu kingine ambacho binti akinunue kabla ya raba za gharama ni mafunzo ya huduma ya kwanza. Chama cha Msalaba Mwekundu wanafundisha. Mtu akianguka moyo umesimama, kwa mtu mzima unakandamiza kifua katikati, kina cha sentimita tano au zaidi kidogo, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, huku mwenzio anatafuta gari. Ukiangalia vizuri hiyo ni kasi ya zile amapiano nilizokutajia. Mwalimu wa mazoezi ana hiyo kasi kichwani tayari, akifundishwa mikono iwekwe wapi anakuwa mtu wa maana kuliko nusu ya watu waliopo kwenye ukumbi wowote wa harusi. Namuombea asije akaitumia, ila ajue.

Habari ya vyeti, maana barua yako mzee ilisema kazi hii "hata cheti haina". Kipo. Huko duniani kazi hii imekuwa fani zamani, daktari wa jeshi la anga la Marekani Kenneth Cooper alilitangaza neno aerobiki mwaka 1968, na mwaka uliofuata Judi Sheppard Missett alianza madarasa ya kuchanganya dansi na mazoezi ambayo yakaja kuwa kampuni kubwa. Leo shirika kama ACE la Marekani linatoa mtihani wa mwalimu wa mazoezi ya kikundi, uwe na miaka 18 na kuendelea, uwe na cheti cha kuokoa mtu aliyesimama moyo, na ukishafaulu hukai nacho milele, kila miaka miwili unatakiwa uonyeshe umesoma saa 20 za ziada. Ni hela, siwezi kudanganya, tena ni dola. Hapa nyumbani kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kule Kwimba mkoani Mwanza, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Binti ameshamaliza chuo kimoja najua hutaki kusikia chuo kingine, lakini kozi fupi akizipata azichukue, hata kama kuna mtu wa jimu atamwambia huku kwetu hakuna anayeuliza cheti. Wateja wameanza kuuliza. Wale wa benki na maofisini ambao wanataka mwalimu aende kwao Ijumaa jioni, swali la kwanza ni hilo.

Na hapa niwaseme wenzangu kidogo. Kuna mabango mjini yameandikwa Zumba kila kona, Mwanjelwa, Uyole, mpaka Mbalizi, na aliyeandika hajawahi kusomea. Zumba ni jina la kampuni, ilianzishwa 2001 na Mkolombia Beto Perez na wenzake, baada ya yeye kufundisha kwao Kolombia kwa kaseti za salsa na merenge, hadithi inasema siku hiyo alisahau kaseti yake ya aerobiki nyumbani. Kulitumia hilo jina unatakiwa uwe umepata mafunzo yao na leseni yao. Si lazima! Andika "dansi na mazoezi", andika "aerobiki ya amapiano", watu watakuja, wala hawajali jina. Hata muziki wenyewe una wenyewe, sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, wimbo ukiupiga kwenye biashara sio sawa na kuupiga jikoni kwako. Binti aanze akiwa anajua hayo asije akajengea kwenye kitu cha mtu.

Haya, hela. Hapa mzee nakupa mkono.

Kazi hii mwanzoni hailipi, na mwalimu akikuambia inalipa kuanzia mwezi wa kwanza huyo anakuuzia kozi. Tuchukulie kipindi kimoja wamekuja watu 20, kila mmoja 3,000, hiyo ni 60,000, ukumbi unachukua 20,000, umebaki na 40,000, unajiona tajiri. Ije mvua ya mwezi wa pili, ile ya Mbeya isiyoomba ruhusa, wamekuja saba. Ni 21,000. Ukumbi unataka 20,000 yake palepale. Umebaki na buku moja, haitoshi hata bajaji ya kubeba spika kurudi Soweto. Umefundisha kwa nguvu ileile, umepoteza sauti ileile. Kwa hiyo wanaodumu ni wale waliotoka kwenye hesabu ya mlangoni wakaenda kwenye malipo ya mwezi, mtu analipa mbele, na akishalipa anakuja hata kukiwa na ukungu maana hela yake iko pale. Alafu unachanganya, vikundi vyako viwili vitatu, ofisi moja, wazee asubuhi, watoto wa shule likizo. Hakuna ninayemjua anayeishi kwa kipindi cha jioni cha jimu moja peke yake. Binti asiache kutafuta kazi nyingine kabisa, aanze na jioni na Jumamosi, mwili na mfuko vizoee pamoja.

Na jimu. Kuna moja hapa mjini siitaji, walinipa vipindi vya jioni tukakubaliana malipo kwa kichwa, sawa, nikawaletea watu, ukumbi ukajaa. Walipoona umejaa wakasema sasa tunalipa bei moja, ndogo kuliko ile, na majina na namba za wateja zote zibaki kaunta. Nikakataa nikatoka. Unajua walimweka nani? Tivii. Skrini kubwa ukutani, mzungu anaruka humo, watu wanamfuata. Yule mzungu hamuoni mtu. Mtu akianguka pale anaendelea kutabasamu tu. Wateja baadhi walinifuata wenyewe bila mimi kuwapigia simu, wengine wakaacha mazoezi kabisa na hilo ndilo liliniuma. Kwa hiyo naomba kupitia gazeti hili wenye majimu, Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe, muwaandikie walimu mkataba, karatasi moja tu inatosha, kipindi kimoja ni shilingi ngapi watu wakiwa watano au wakiwa arobaini, mvua ikinyesha inakuwaje, mwalimu akiumia kwenye sakafu yenu inakuwaje. Mnawalipa walinzi kwa mwezi, geti likivukwa na watu wachache mlinzi hakatwi.

Kuumia kupo. Magoti, visigino, na zaidi ya vyote koo. Walimu wa mazoezi wanapoteza sauti sana maana unapigia kelele spika yako mwenyewe, na vumbi la kiangazi la huku linamalizia. Maiki ya kichwani sio mbwembwe, ni kifaa cha kazi kama jembe, bora uanze na raba za mtumba na maiki nzuri. Na mwalimu mwenye vipindi vitatu kwa siku hafanyi vyote kwa nguvu zote, anaonyesha, anaacha, anatembea katikati ya watu anawarekebisha. Mteja mmoja aliwahi kunilalamikia kwamba leo ticha hujaruka. Nikamwambia dada, hela umelipa uruke wewe.

Mzee aligusia pia mavazi, kwamba ni aibu binti kuonekana hivyo mbele za watu. Sitagombana. Nitasema tu kwamba wengi wa wanaokuja kwangu ni wamama wenye heshima zao, wake za wachungaji wamo, wanakuja na madira, na traki, na sketi ndefu juu ya taiti, na mwalimu anavaa kitu ambacho kinaruhusu wateja wake waone goti lake linaelekea wapi. Basi.

Soko lipo, hilo nalo halikuonekana kwenye barua yake. Bibi yangu Tukuyu anachuma chai na kupanda vilima na kikapu mgongoni, hanihitaji hata siku moja. Lakini sisi wa mjini tunatoka kitandani tunaingia bajaji, tunashuka dukani tunakaa, jioni chipsi, na presha na sukari zinatupata tukiwa na miaka 40. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kukaza misuli siku mbili au zaidi. Dakika 150 ni vipindi vitatu vya dakika 50, ndio ratiba ya kikundi chochote cha kawaida. Mwaka 2016 mama Samia, wakati ule Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, na mwanzo watu walijitokeza kweli. Ila siku moja kwa mwezi haimjengi mtu, na viongozi wakishapiga picha wakaondoka wale watu wanabaki na nani? Hata hapa Mbeya ikikaribia Tulia Marathon, kawaida huwa mwezi wa tano, viwanja vinajaa, kila mtu anakimbia kushuka Mafiati, ukiingia mwezi wa sita na baridi yake utawatafuta kwa tochi. Wanaowabakiza watu kwenye mazoezi mwezi wa sita ni walimu. Tena bila kulipwa na serikali.

Ndio maana naomba na halmashauri zetu kitu kidogo. Shule za msingi zina viwanja na nyingine zina kumbi, kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni zimefungwa kufuli. Mtufungulie kwa ada ya kawaida, tukifanya usafi wenyewe, na taa moja ya nje, maana wamama wakitoka saa moja usiku njia ni giza na hilo ndilo linalowafanya waume zao wakatae, sio taiti.

Mzee wangu wa Iringa, mwambie binti asije kwangu na video. Apande basi aje Mbeya wikiendi moja, au kama ni mbali atafute mwalimu yeyote wa hapo hapo Iringa anayejua kazi, asimame nyuma kabisa kwenye mstari wa mwisho pale ambapo mwalimu anaonekana mdogo na spika inasikika vibaya, afanye mazoezi kama mteja mpaka ajue wa nyuma wanakosa nini. Alafu asimame pembeni bila kufanya, ahesabu nane nane kwa mdomo. Alafu aombe apewe dakika tano za kupasha mwili tu. Akitetemeka sauti ni kawaida. Akimaliza zile dakika tano, muulize aliyekuwa anapata shida ni nani na shida yake ilikuwa ni nini, akikutajia, mlipie kozi.

Na wewe mwenyewe mzee, kama una miaka 60 hivi kama nilivyokisia, kikundi cha wazee ni Jumanne na Alhamisi saa moja asubuhi, tunatumia viti, hakuna kuruka. Uje na cheti cha presha.

Mwalimu wa mazoezi,
Soweto, Mbeya